Kunoki: lori linagonga au limekufa?

Kugonga kwa injini ni mlio wa kishindo unaojirudia kwa kufuata mzunguko wa injini, ukipanda injini inapopanda na kushuka inaposhuka. Basi. Kinachohitaji maelezo ni neno tulilolitwika kazi hiyo, kunoki, ambalo siku hizi kwenye gereji za Nakuru hadi Kisumu linabeba kila kitu. Lori linalopiga kelele asubuhi likiwa baridi limenoki. Lori lililokata konirodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, na kumwaga oili barabarani limenoki. Lililosimama kabisa, krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, haisogei hata ukiivuta kwa bomba refu, nalo limenoki. Fundi akitamka neno hilo, mwenye lori anasikia bei ya injini nzima, na fundi mwenye njaa anajua hivyo.

Hilo la mwisho ndilo jepesi. Injini isiyozunguka imejamu. Haigongi kwa sababu hakuna kinachotembea ndani. Huenda iligonga wiki nzima kabla ya kujamu, huenda ilikosa maji ikaunguza pistoni bila kugonga hata kidogo. Kuiita iliyonoki ni kutaja dalili ambayo haipo tena, na ambayo pengine haikuwahi kuwapo.

Kosa la pili linaudhi zaidi kwa kuwa linakuja limevaa suti. Mwenye Canter ya zamani ya dizeli anasoma kwenye simu kwamba kunoki husababishwa na oktani ndogo, kesho yake yuko kituoni anauliza mafuta ya oktani ya juu. Aliyoyasoma ni kweli tupu, ila hayalihusu lori lake. Kwenye injini ya petroli, mafuta na hewa husubiri cheche ya plagi, kisha moto husambaa kwa utaratibu. Joto na presha vikizidi, mchanganyiko uliobaki pembeni hujilipukia wenyewe kabla moto haujaufikia, na huo ndio mlio. Wahandisi walihangaika nao mpaka 1921, Thomas Midgley wa General Motors alipogundua kwamba madini ya risasi kidogo ndani ya petroli yanaunyamazisha. Dawa hiyo iligeuka sumu tuliyoivuta kwa miongo mingi. Kenya iliachana na petroli yenye risasi mwaka 2006. Oktani ni kipimo cha mafuta kuvumilia bila kujiwasha.

Sasa mpeleke mtu huyo kwenye dizeli. Hakuna cheche humo. Hewa hubanwa mpaka iwe moto mkali, nozo inapuliza mafuta, mafuta yanajiwasha. Yaani kile ambacho petroli inakikimbia ndiyo kazi ya dizeli kila mzunguko, na ndiyo maana dizeli zina kipimo chao, seteni, kinachoenda upande wa pili: kikiwa kikubwa mafuta hushika moto upesi. Mafuta yanayokataa kujiwasha ndiyo usiyoyataka kwenye lori.

Ukweli ambao watu hawapendi kuusikia ni kwamba kila dizeli ya zamani inagonga kidogo, hata ikiwa nzima. Kati ya nozo kupuliza na mafuta kuwaka kuna muda mfupi wa kusubiri. Muda huo ukirefuka, mafuta hurundikana na kuwaka yote kwa mkupuo mmoja. Injini baridi huurefusha. Ringi za pistoni zilizolika huurefusha, kwa kuwa hewa haibanwi vya kutosha. Pampu iliyofungwa taimingi (wakati wa kupuliza mafuta) ikawahi mno, nozo inayodondosha badala ya kutoa ukungu, dizeli iliyotiwa mafuta ya taa, yote huzaa mlio huo huo. Hiyo ya mafuta ya taa si hadithi za vijiweni: mwaka 2018 serikali iliyawekea ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili mchezo wa kuchanganya ukose faida. Hata mwinuko una sehemu yake. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Mau Summit inapita 2,300. Hewa ya huko ni nyepesi na asubuhi ni baridi, kwa hiyo lori lililolala kimya kando ya ziwa linaweza kuamka na kelele mlimani bila kuwa na ugonjwa wowote mpya. Ajabu ni kwamba injini ya petroli hufanya kinyume, hutulia likipanda.

Ninachotamani watu wakitenge na hayo yote ni kugonga kwa chuma chenyewe, hasa beringi za konirodi, vile vikalio inamoshikana na krenki. Hapa ndipo kilomita nyingi zinapodai haki yake. Krenki iliyo nzima haigusi beringi. Inaelea juu ya utando wa oili ndani ya nafasi isiyofika sehemu ya kumi ya milimita. Oili ikikaa muda mrefu kupita kiasi, au ikichanganyika na dizeli inayovuja kutoka kwa nozo mbovu, utando hupungua, tabaka laini la beringi hulika, na konirodi huanza kupata nafasi ya kuchapa. Mlio wake ni mzito, unatoka chini, kama nyundo iliyofungwa kitambaa. Na tofauti na mlio wa mwako, huu hujificha oili ikiwa baridi na nzito, halafu hujitokeza injini ikishapata moto na presha ya oili kushuka. Dereva anayesema "asubuhi ilikuwa sawa, imeanza kugonga baada ya Kericho" amekupa nusu ya jibu bila kujua. Pistoni iliyolegea ndani ya silinda hufanya kinyume: hupiga kelele asubuhi, hunyamaza ikipanuka kwa joto. Tapeti, zile zinazosukuma valvu, zinasikika juu, nyepesi, na mdundo wake ni nusu ya ule wa krenki.

Kwenye pampu za zamani zisizo na kompyuta, fundi mwangalifu hulegeza nati ya bomba la nozo moja moja injini ikiwa inanguruma polepole. Mlio ukififia kwenye silinda ya tatu, tatizo liko huko. Wengi huishia hapo na kutangaza kwamba konirodi imekwisha, na hapo ndipo pesa za watu hupotea, maana silinda isiyopata mafuta hunyamazisha nozo mbovu na beringi mbovu vilevile. Hatua inayorukwa ni kuhamisha nozo ya tatu kwenda silinda nyingine. Kelele ikihama nayo, peleka nozo zikapimwe. Ikibaki pale pale, fungua samp, lile karai la oili chini ya injini. Utaona mwenyewe: chembe zinazong'aa kwenye oili, na zikiwa na rangi ya shaba, beringi imeshalika hadi tabaka la ndani. (Malori mapya ya mfumo wa reli moja, common rail, usiyalegeze bomba kamwe. Presha yake hupita baa 1,000 na mafuta hutoboa ngozi.)

Kuna pia kipimo cha mteremko, mradi lori lina breki na liko ndani ya gia, si lile lililoachiwa huru kwa tabia iliyomaliza watu Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Ukitoa mguu kwenye mafuta, pampu hukata dizeli na mwako husimama. Kinachoendelea kugonga hapo hakiwezi kuwa nozo, dizeli mbovu wala taimingi. Kunyamaza, kwa upande mwingine, hakuiondolei beringi lawama yote, kwa sababu nayo imepunguziwa mzigo.

Sitegemei watu waache kusema kunoki. Neno limeshaota mizizi, na fundi wangu mwenyewe hulisema huku akijua tofauti zote hizi kuliko mimi. Ningeomba tu likitamkwa lisiachwe peke yake. Dereva akipiga simu, aseme inagonga juu au chini, ikiwa baridi au ikipata moto, ikivuta mzigo au ikiteremka, na mshale wa presha ya oili umesimama wapi. "Inagonga asubuhi na moshi mweupe, halafu inatulia" ni habari ya nozo au hewa isiyobanwa vya kutosha, na lori laweza kufika nyumbani. "Inagonga chini, inazidi ikipata moto, na mshale wa oili umelala" maana yake ni kuzima hapo hapo na kutafuta gari la kuvuta, kabla konirodi haijatoboa bloku, mwili wenyewe wa injini.