"Sista, tuna mahojiano ya darasani": maswali kwa muuguzi wa kudhibiti maambukizi

Kila muhula wanafunzi wa uuguzi hunibishia hodi wakiwa na karatasi ya maswali. Mimi ni muuguzi wa kudhibiti maambukizi: sina wodi yangu, lakini wodi zote zinanihusu. Haya ndiyo wanayouliza mara nyingi.

Sista, kazi yako hasa ni nini?

Kuhakikisha aliyelazwa kwa kuvunjika mguu haendi nyumbani na ugonjwa wa jirani yake wa kitanda. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, 15 hupata angalau ambukizo moja humohumo hospitalini. Nchi tajiri ni 7. Vijidudu hupitia mpira wa mkojo ulioachwa siku nyingi bila sababu, kanula (kimrija kinachoingizwa kwenye mshipa wa damu), kidonda cha upasuaji, na mikono yetu sisi. Basi nazunguka, natazama, nahesabu, nafundisha. Siku nyingine nagombana na daktari.

Unahesabu nini?

Nyakati za kusafisha mikono. Ziko 5: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi kama kuweka kanula au kufunga kidonda, baada ya kukaribiana na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Huo wa mwisho ndio ninaouona ukisahaulika. Mtu anarekebisha dripu, anashika ukingo wa kitanda, anajiambia "sijamgusa mtu", huyo kitanda cha pili.

Kitakasa mikono kinataka sekunde 20 hadi 30, maji na sabuni 40 hadi 60. Mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, ni maji na sabuni tu.

Taabu ni kwamba nikitokea na fomu mkononi, wodi nzima inanawa. Siku hizi nakaa kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa, kama ninayesubiri mtu.

Nikivaa glavu, bado ninawe?

Unawe, kabla na baada. Glavu huweza kuwa na vitundu usivyoviona, na wakati wa kuivua ndipo mikono inapochafuka. Nimeona glavu ileile ikifunga kidonda, ikafungua mlango, ikapokea simu. Hapo glavu imemkinga nani?

Kwa nini tahadhari kwa kila mgonjwa, hata wa malaria?

Kwa sababu hujui kama ni malaria. Marburg, ugonjwa hatari wa virusi unaoambukiza kupitia damu na majimaji ya mwili, huanza kwa homa kali, kuumwa kichwa na uchovu. Ilipothibitishwa Kagera Machi 2023, mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwa waliofariki.

Nikichomwa na sindano iliyotumika?

Osha hapohapo kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue, usimwagie jiki. Mwambie msimamizi wako siku ileile, tena saa ileile, kwa sababu dawa za kukinga VVU zinapaswa kuanza mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa siku 28. Hatari ya VVU kwa kuchomwa mara moja na sindano yenye damu ya aliyeambukizwa ni kama 0.3%. Hatari ya homa ya ini B ni kubwa zaidi mno kwa asiyechanjwa, kwa hiyo maliza dozi zako 3 za chanjo kabla ya kwenda wodini. Wanafunzi wengi huficha wakiogopa kugombezwa. Mimi sigombezi, ninachogombeza ni kurudishia kifuniko cha sindano kwa mikono miwili.

Kuna swali ambalo hatujauliza?

Lipo, ila si langu. Nendeni nyuma ya jengo mkaongee na mama anayebeba taka. Kisanduku cha sindano kinatakiwa kufungwa kikifika robo tatu. Yeye anajua wodi inayokishindilia mpaka juu, na ile inayotupa sindano kwenye mfuko wa kawaida. Msalimieni kwanza, na msimkute akiwa na mzigo mkononi.