Mandhari ya likizo si pambo la hadithi ya upelelezi

Wasomaji wengi huamini kwamba mwandishi huipeleka maiti ufukweni au kwenye hoteli ya mlimani ili tu kuzipendezesha kurasa. Si kweli. Katika hadithi za upelelezi za jadi, mahali penyewe ni sehemu ya fumbo.

Mtazame Agatha Christie. Kisiwa cha riwaya yake Evil Under the Sun ya mwaka 1941 kilichotwa kutoka Burgh Island, pwani ya Devon, Uingereza. Huko maji yakipwa, mtu huvuka mchangani kwa miguu; yakijaa, njia hufunikwa. Basi washukiwa wanahesabika, na nyendo za kila mmoja zinaweza kupimwa kwa saa.

Likizo pia huwakutanisha watu wasiojuana. Kila mgeni hujieleza apendavyo, wala hakuna jirani wa kumuumbua. Hapo uongo hupata nafasi, na kwangu huo ndio utamu wenyewe, kuliko bahari yote. Hata uvivu wa wageni una kazi, maana anayelala juani tangu asubuhi hakumbuki vizuri nani alipita saa ngapi. Kwa hiyo usiyaruke maelezo ya ufuo; mara nyingi kidokezo kimefichwa humo humo.