Usiape, angalia saa

Kila baada ya Idi napata wageni wa aina moja. Mtu kakaa Ramadhani nzima hajagusa kitu, uso umemnawiri, mkewe kashaanza kumuamini, halafu Idi pili kaangukia tungi na sasa yuko mbele yangu anaona haya hata kukaa kitini. "Mie nilidhani nshaacha." Hapana kaka, ulikuwa hujaacha, ulipumzishwa tu. Ramadhani Unguja nzima inabadilika, wenzio wa kijiweni hawaonekani, na magharibi ile ambayo ndo ilikuwa saa yako ya chupa ya kwanza uko mbele ya futari na tende mkononi. Vichocheo vyote vimefunikwa kawa, Idi ikiingia kawa linafunuliwa kwa mpigo mmoja.

Mie ni mshauri nasaha, mwaka wa 11 huu, na kabla ya hapo nilikuwa mnywaji, nimeanza na tembo la mnazi nikaishia kwenye gongo, kwa hiyo nikisema hamu najua nasema nini. Hamu haiko kooni. Ubongo ushajifunza kwamba saa fulani, kona fulani, harufu fulani, pombe inakuja, basi unaanza kujitayarisha kabla wewe hujaamua lolote.

Nina kijana mmoja alikuwa barmeni kwenye hoteli huko Nungwi. Yeye bia anaitazama kwenye friji siku nzima wala haimpi tabu, kinachomuumiza ni ile sauti ya kizibo, psss, hapohapo mate yanajaa mdomoni na viganja vinatoka jasho, na huo ni mwezi wa tatu hajanywa! Alikuwa anapambana nayo kwa kuapa, wallahi sinywi, wallahi sinywi, na kila akiapa ndo chupa inazidi kumkaa kichwani.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, alikuwa akifundisha watu kuipanda hamu kama wimbi badala ya kupigana nayo. Sie wa pwani hatuhitaji kuelezwa mara mbili, wimbi ukilisimamia kifua mbele linakubwaga, ukijiachia linakunyanyua kisha linapita. Hamu inapanda, inafika juu, na mara nyingi ndani ya nusu saa inaanza kushuka hata kama hukunywa. Watu hawaamini hili kwa sababu hawajawahi kuisubiri ishuke, siku zote waliinywea dakika ya tano.

Tukakubaliana na kijana, ikimjia amwachie mwenzie kaunta, aende nyuma ya jiko, aangalie saa, halafu aitafute iko wapi mwilini, kifuani, kwenye taya, mikononi, aitaje tu kama anamuelezea daktari. Na ale kitu. Mara ya kwanza ilimchukua dakika 18. Akanitumia meseji: "kaka imeondoka, imeondoka yenyewe."

Hapo kwenye kula msipapite mbio. Mtu ananilalamikia hamu ya jioni, namuuliza mchana umekula nini, ananambia chai na andazi la saa mbili asubuhi. Njaa inavaa nguo za hamu vizuri sana, na hasira na upweke na uchovu hivyohivyo. Pitia urojo kwanza ndo uende nyumbani. Na kama ukishuka kituo chako unapita mlango wa baa, shuka kituo cha nyuma utembee, sio uoga huo. Mie magharibi nilijipeleka barazani kwenye kahawa chungu na kashata, mkono una kikombe, mdomo una kazi, na ubishi wa mpira hauishi.

Ila haya si ya kila mtu. Anayekunywa sana kila siku, asubuhi mikono inatetemeka mpaka apate ya kwanza, huyo asiache ghafla peke yake nyumbani. Mtetemeko unaanza ndani ya saa 6 mpaka 24, degedege linaweza kumpiga siku mbili za mwanzo, kisha anaweza kuanza kuweweseka na kuona vitu, na huku mtaani ndo tunaita mganga. Mpelekeni spitali jamani, hali hiyo inaua. Dawa za kupunguza hamu zipo pia, naltrekisoni ni moja, lakini wee ulioko kwenye methadoni, ile dawa wanayopewa wanaoacha heroini, au bado unatumia unga wenyewe, usiazime kidonge cha mtu, kitakutia arosto kali hapohapo, yale mateso ya mwili kukosa unga.

Yule kijana siku hizi kahamia stoo, vizibo havisikii. Bado jioni nyengine ananitumia neno moja tu, "limekuja", na mie namjibu saa ngapi.