Unene wa Wamarekani weusi: yanayosemwa na yaliyopimwa

Vipimo vya kitaifa vya Marekani vya 2017–2018 viliwakuta karibu nusu ya watu wazima weusi, asilimia 49.6, wakiwa na unene uliokithiri, yaani BMI (uzito ukilinganishwa na urefu wa mtu) ya 30 kwenda juu. Namba hiyo ikishaingia kwenye magrupu ya WhatsApp, maelezo hayachelewi: ndiyo asili yao, wavivu hao, maskini hawajui kula. Mwenye ndugu huko ndiye husema kwa sauti kubwa zaidi.

"Iko kwenye damu"

Anayesema hivi hajaitazama namba yenyewe kwa ndani. Wanawake weusi walikuwa asilimia 56.9, wanaume weusi 41.1. Wanaume weupe kipindi hichohicho walikuwa 44.7, kwa hiyo kwa upande wa wanaume hakuna hata pengo la kuzungumzia. Kaka na dada wamezaliwa tumbo moja. Damu gani hiyo inayomnenepesha dada ikamwacha kaka?

Miaka ya 1990 mtafiti wa afya Richard Cooper na wenzake waliwapima watu wenye asili ya Afrika Magharibi wanaoishi Nigeria, Kamerun, visiwa vya Karibi na Maywood, kitongoji cha Chicago. Uzito ulikuwa mdogo Afrika, ukapanda Karibi, ukawa mkubwa zaidi Maywood. Jeni zina mchango wake kwa kila binadamu, lakini hizi ni koo zilizotengana kwa karne chache tu.

"Hawajishughulishi"

Hapa hata watafiti walishangaa. Walitarajia wanawake wa vijijini Nigeria wawe wanachoma nishati nyingi kuliko wanawake weusi wa Chicago, ambao waliwazidi uzito kwa zaidi ya kilo 20. Walipopima, hawakuona tofauti ya maana. Mwaka 2012 yakatoka matokeo ya namna hiyo kutoka kwetu Tanzania: Wahadzabe, wanaotembea kutwa wakiwinda na kuchimba mizizi, jumla ya nishati wanayotumia kwa siku, ukizingatia ukubwa wa miili yao, haikuwazidi watu wa nchi tajiri. Mazoezi yanasaidia sana moyo, presha na sukari. Ila tofauti ya uzito kati ya jamii na jamii inaelekea kutoka sahanini na kwenye chupa ya soda kuliko miguuni.

Na hata pale mtu anapoacha mazoezi, uliza sababu kabla ya kumwita mvivu. Mwanamke aliyekaa saluni nusu siku, akalipa pesa nzuri kuweka dawa au kupigwa pasi nywele, anajua jasho la dakika ishirini litazirudisha zilikotoka. Katika utafiti mmoja mdogo uliochapishwa 2013, takriban wanawake weusi wanne kati ya kumi walikiri kwamba kuna nyakati wanakwepa mazoezi kwa sababu ya nywele. Regina Benjamin, aliyekuwa Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani na mwanamke mweusi mwenyewe, alilisema jambo hili hadharani mwaka 2011. Wapo waliocheka. Dada zetu wanaosoma hapa nadhani hawatacheka.

"Ni umaskini tu"

Hii ina ukweli nusu, ndiyo maana inadanganya zaidi. Takwimu za 2011–2014 zilionyesha kwamba kwa wanaume weusi, wenye kipato cha juu ndio waliokuwa wanene zaidi: asilimia 42.7, dhidi ya 33.8 kwa wenye kipato cha chini. Kwa wanawake weusi kipato hakikuleta tofauti. Mshahara peke yake, basi, hautoshi kueleza. Mtaa unaeleza zaidi.

Miaka ya 1930 shirika la mikopo ya nyumba la serikali ya Marekani lilichora ramani za miji na kuipaka rangi nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa hatari kukopeshwa. Mitaa ya weusi karibu yote ikaangukia humo, na mingi haijainuka hadi leo. Sasa sikia jaribio hili. Kati ya 1994 na 1998, familia zilizoishi nyumba za umma katika miji mitano, ikiwemo Chicago na Baltimore, zilichaguliwa kwa bahati nasibu. Baadhi zilipata vocha ya kupanga nyumba, lakini katika eneo lenye maskini wachache tu. Hakuna aliyefundishwa lishe wala kupewa ratiba ya mazoezi, na karibu nusu tu ya waliopewa vocha ndio waliohama. Baada ya miaka 10 hadi 15 akina mama walipimwa. Unene wa BMI 30 haukuwa umebadilika kiasi cha kutiliwa maanani. Ule mzito, wa 35 kwenda juu, ulikuwa chini kwa pointi 4.6 za asilimia kuliko kwa waliokosa vocha, na dalili za kisukari kwenye damu chini kwa 4.3.

Mtaani kuna nini hasa? Usingizi ni sehemu yake. Mwaka 2014 karibu asilimia 46 ya watu wazima weusi walilala chini ya saa saba, weupe asilimia 33. Zamu za usiku, kelele na wasiwasi vyote vimo, na anayekosa usingizi njaa humsumbua zaidi. Kuna pia matangazo ya soda, peremende na vyakula vya haraka, yanayowalenga weusi makusudi.

"Wajengewe supamaketi, yataisha"

Philadelphia walijenga. Wakazi walikiri kwamba sasa chakula kizuri kinapatikana karibu, lakini takriban robo tu ndio walioifanya supamaketi hiyo duka lao kuu. Ulaji wa matunda na mboga haukubadilika, wala uzito.