Anayepigwa mionzi ya koo si hatari kwa mwenzi wake

Wengi bado wanaamini kwamba mgonjwa wa saratani ya koo akishapigwa mionzi, mwili wake nao unaitoa. Basi mke anahamishiwa chumba kingine, watoto wanakatazwa kumsogelea. Si kweli, na inaumiza sana. Mashine hupiga mionzi kutoka nje. Kipindi kikiisha, hakuna kinachobaki mwilini. Mkumbatie, lala naye, kuleni sahani moja. (Wanaomeza iodini yenye mionzi kwa saratani ya tezi ya shingo hupewa masharti yao.)

Tahadhari inahitajika kwenye kemo (dawa za kuua saratani): dawa hizo hutoka na mkojo na matapishi kwa siku 2 hivi, kwa hiyo vaa glavu unaposafisha.

Kazi kubwa yako iko kwenye chakula. Kuanzia wiki ya 2 au ya 3 koo huchubuka, mate hukauka, hata maji yanachoma. Asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo. Pilipili na ndimu weka kando. Mpe mtori uliopoa au uji wa maziwa na karanga, vijiko vichache vichache mchana kutwa. Akishindwa kabisa kumeza, au homa ikifika nyuzi 38, usingoje kukuche: mpeleke hospitali.