"Wamejaa jela kuliko chuoni": yanayosemwa kuhusu elimu ya Wamarekani weusi, na ukweli wake

Dhana: Wanaume weusi walio jela ni wengi kuliko walio chuoni.

Hii ndiyo sugu kuliko zote. Barack Obama aliitamka 2007 alipokuwa akiwania urais, na hadi leo watu huileta kwenye mazungumzo kama jambo lisilohitaji ushahidi. Chimbuko lake ni ripoti ya 2002, iliyosema kwamba mwaka 2000 wanaume weusi 791,600 walikuwa magerezani na mahabusu, na 603,032 vyuoni. Baadaye Ivory Toldson, profesa wa Chuo Kikuu cha Howard, alipekua hesabu hizo akakuta vyuo visivyopungua 1,000 havikuwamo. Kufikia 2013 hesabu yake ilikuwa wanafunzi milioni 1.4 na wafungwa 840,000 hivi. Tena mfungwa anaweza kuwa na miaka 20 au 65, ilhali wanachuo wengi ni vijana. Ni kupima mchele kwa futi.

Pengo lenyewe lipo, ila liko kati ya kaka na dada. Mwaka wa masomo 2009/10 wanawake walichukua asilimia 66 ya shahada za kwanza walizopata Weusi, na asilimia 71 ya zile za uzamili.

Dhana: Pengo hilo limezuka juzi.

Hapana. Katikati ya karne ya 20 wanawake tayari walikuwa wengi katika vyuo vya Weusi. Msichana aliyesoma aliweza kufundisha. Asiyesoma alibaki kufua na kupika katika nyumba za wazungu.

Dhana: Ni umaskini tu.

Umaskini umo, lakini peke yake hautoshi. Mwaka 2018 mchumi Raj Chetty na wenzake walitoa utafiti uliofuatilia maisha ya watu milioni 20 hivi. Mvulana mweusi aliyekulia katika nyumba yenye fedha huishia kupata kipato kidogo kuliko mzungu wa familia yenye kipato kilekile, hata wakiwa wamekulia mtaa mmoja. Kwa wasichana tofauti hiyo karibu haionekani. Sasa huo umaskini unamshikaje kaka na kumwacha dada aliyelala chumba cha pili?

Dhana: Wavulana weusi ni watukutu.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwaonyesha walimu wa chekechea video ya watoto wanne: mvulana na msichana weusi, mvulana na msichana wazungu. Walimu waliambiwa wawe macho, na kila wakiona dalili ya utundu wabonyeze kitufe. Kifaa kilikuwa kikifuata mboni zao. Video haikuwa na utundu wowote; watoto wale walikuwa waigizaji. Hata hivyo macho yalimganda mvulana mweusi, ya walimu weusi yakiwamo.

Utafiti mwingine, wa jimbo la North Carolina, ulionyesha kwamba mvulana mweusi wa familia maskini sana, akifundishwa na mwalimu mweusi hata mmoja kati ya darasa la tatu na la tano, uwezekano wa kuacha sekondari hupungua kwa asilimia 39. Wanaume weusi hawafiki walimu 2 katika kila 100 nchini Marekani.

Dhana: Dada zao wameshafika, ndio waliosoma kuliko wote Marekani.

Asilimia 66 ile ni mgawo wa ndani ya nyumba moja, kati ya wanawake na wanaume weusi. Ukitoka nje, wanawake weusi wazima wenye shahada hawafiki theluthi, wakati wanawake wenye asili ya Asia wanapita nusu. Mwanamke mweusi mwenye uzamili, kwa kawaida, hulipwa chini ya mwanaume mzungu mwenye shahada ya kwanza. Na shuleni hawakusalimika: mwaka 2013/14, katika madarasa ya awali ya shule za umma, wasichana weusi walikuwa asilimia 20 ya wasichana wote, lakini asilimia 54 ya wasichana waliosimamishwa masomo. Mtoto wa miaka 4, anarudishwa nyumbani na barua.