Walaghai wa Tiba Barani Ulaya na Marekani: Dhana Potofu na Ukweli

Inadhaniwa sana kwamba walaghai waliouza dawa jukwaani katika miji ya Ulaya, kuanzia karne ya 16 hadi ya 18, walikuwa watu wasio na kibali, waliofungasha virago usiku kabla askari hawajawafikia. Kumbukumbu za Italia zinaonyesha vingine. Katika miji kama Siena na Roma kulikuwa na baraza la matabibu, Protomedicato, lililokagua dawa zao, likatoza ada na kuwapa leseni, nao waliitumia leseni hiyo kama tangazo. Dawa yao iliyovuma zaidi, orvietano, iliyosemekana kuzima sumu ya kila aina, ilipata hadhi kubwa zaidi nchini Ufaransa, ambako mwaka 1647 Christophe Contugi alipewa na mfalme haki ya kuiuza. Kwa hiyo Molière, mwandishi wa tamthilia wa Ufaransa, alipoikejeli katika mchezo wake wa mwaka 1665, L'Amour médecin, alikuwa akikejeli bidhaa iliyobarikiwa na ikulu.

Dhana ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye madhara zaidi, ni kwamba mlaghai wa tiba hutambulika kwa ujinga wake. John Taylor, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1703, alisomea upasuaji London chini ya William Cheselden, mmoja wa wapasuaji mahiri wa enzi hizo, akaandika kitabu kuhusu jicho, na mwaka 1736 akateuliwa kuwa tabibu wa macho wa Mfalme George wa Pili. Alizunguka Ulaya kwa gari la farasi lililochorwa macho, na kila alipofika alihutubia umati kabla ya kushika sindano. Tiba yake ya mtoto wa jicho haikuwa ya kubuni: kuchoma jicho kwa sindano na kuisukuma lenzi iliyofifia mpaka ishuke ilikuwa njia ya kawaida ya wakati ule. Ulaghai wake ulikuwa katika ahadi na katika ratiba, kwa maana wagonjwa walifungwa vitambaa machoni na kuagizwa wasivifungue kwa siku kadhaa, na siku hizo zilipokwisha, daktari alikuwa ameshalipwa na yuko mji mwingine. Alimpasua mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach mara mbili mjini Leipzig mwaka 1750. Upasuaji huo haukumponya mtunzi huyo, na alifariki Julai mwaka huohuo. Mtunzi mwenzake Handel naye alipita mikononi mwake miaka michache baadaye, bila nafuu.

Wateja hao wawili wanatosha kuonyesha kwamba si maskini na wajinga pekee walionaswa. Hata hivyo, si kila aliyesimama mbele ya jukwaa alikuwa amenaswa. Mjini Paris, katika miaka ya 1620, wengi walifika kumwangalia Tabarin, mchekeshaji wa muuza dawa Mondor, wakacheka bure na kurudi makwao bila kununua chochote. Uigizaji huo uliwavutia hata wakubwa: karibu mwaka 1676 mshairi John Wilmot, bwana wa Rochester, alipokuwa amekosana na mfalme, alijigeuza Daktari Bendo na kutibu watu jijini London.

Wengine huamini kwamba sheria za kisasa ziliwafuta watu hawa. Nchini Marekani, Clark Stanley aliuza mafuta ya nyoka kwa miaka mingi, na wapimaji wa serikali walipoyachunguza walikuta hasa mafuta ya madini, mafuta kidogo yanayodhaniwa kuwa ya ng'ombe, na pilipili. Kosa lake chini ya sheria ya vyakula na dawa ya mwaka 1906 lilikuwa maelezo ya uongo kwenye chupa, na faini ikawa dola 20. John Brinkley wa Kansas, aliyewapandikizia wanaume korodani za mbuzi ili kuwarudishia nguvu, alinyang'anywa leseni mwaka 1930. Mwaka huohuo aligombea ugavana na kupata kura nyingi mno, kisha akahamia Texas na kujitangaza kwa redio yenye mitambo upande wa Mexico, ambako sheria ya Marekani haikufika. Kilichomwangusha ni kesi aliyoifungua mwenyewe mwaka 1939 dhidi ya Morris Fishbein, mhariri wa jarida la madaktari aliyemwita tapeli: baraza la mahakama liliona kwamba jina hilo linamstahili, na wagonjwa wake wa zamani wakaanza kumfungulia kesi za madai.